Maswali na majibu: barabara iliyobebwa na maji

*Kimbunga Hidaya kilipita Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika Somanga. Wakarudisha njia kwa mawe na kifusi. Kwa nini wasijenge daraja moja kwa moja?*

Mawe yale ni ya kupitisha mabasi, basi. Daraja lina hesabu zake: mto ukifura unashusha maji kiasi gani, na msingi ushuke hadi wapi ili maji yasiukombe. Anayepima mto kiangazi ataweka kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara, la kiangazi. Masika, magogo na matete yanaziba mdomo wake, maji yanapanda juu ya tuta, yanaangukia upande wa pili na kuanza kula udongo kutokea chini. Asubuhi unakuta lami imening'inia kama ulimi, chini hakuna kitu. Kwa hiyo kurudisha kalavati la ukubwa uleule ni kungoja mvua nyingine. Na zege nalo halina haraka yako. Nguvu yake hupimwa likitimiza siku 28.

*Mtaro wetu una mwaka mmoja tu, lakini ikinyesha nusu saa maji yako sebuleni. Tumepigwa?*

Huenda. Ila kabla ya kumshika mkandarasi shati, ufuateni mtaro kwa miguu hadi unakoishia. Nimeshafuata mmoja ukaniishia kwenye ukuta wa nyumba ya mtu! Mwingine uliingia kwenye kalavati la zamani, jembamba kuliko wenyewe, limejaa mchanga na pampasi. Siku kavu mwageni ndoo mbili tatu: maji yakituama, mtaro hauna mwinamo.

*Tumlilie nani?*

Barabara kuu na za mikoa ni TANROADS, wakala wa barabara Tanzania. Za wilaya na mitaani ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Mwenyekiti wa mtaa hana greda, ila ana muhuri. Barua ipitie kwake, na picha iliyopigwa mvua ikinyesha.

*Daraja jipya la Jangwani, Dar es Salaam, litamaliza mafuriko?*

Litanyanyua magari. Leo mvua kubwa ikija, Barabara ya Morogoro hufungwa pale na mabasi ya mwendokasi husimama. Lakini maji ya Mto Msimbazi, unaopita hapo, yanatoka huko vilima vya Pugu, yanakuja na mchanga, na mchanga ukijaza mto, maji yanatafuta nyumba. Ndiyo maana mradi wa bonde la Msimbazi una kazi ya kupanua mto na kuhamisha watu, si daraja peke yake.