Ile filamu ya wazee na wajukuu zangu

Mwanangu, marahaba, sisi wazima. Umeuliza kama Tokyo Story inawafaa wanao, huyu wa miaka 12 na huyu wa 7, manake mumeo kasema watasinzia hata nusu haijafika. Ni ya Kijapani, wazee wanasafiri kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Ndefu ni ndefu kweli, inapita saa mbili, ya 1953, haina rangi, na yule mwongozaji wake Ozu kaiweka kamera chini usawa wa mtu aliyekaa mkekani ikatulia hapohapo, watu wanaingia wanatoka wanajipepea. Lakini mtoto anaona, mama. Siku zote nakwambia mtoto anaona.

Mimi nilipofika pale wazee wanapelekwa Atami eti wakapumzike baharini, kumbe watoto wao hawana nafasi nao, na usiku kelele za wageni zinawanyima usingizi, nikamkumbuka babu yako. Si unajua ile safari yake ya Dar. Kashuka na basi toka Lushoto na kapu la peasi, mimi niko Mwanza kikazi, baba yako mdogo akamwambia nyumbani kumejaa, akampeleka gesti iliyopakana na baa, muziki mpaka alfajiri. Peasi zikabaki, zikaliwa. Wewe ulikuwa hapo likizo, meno ya mbele huna, ukauliza mezani mbele za wageni, mbona babu halali na sisi? Watu wazima wote kimya. Babu yako alinisimulia hilo swali lako kwa furaha kuliko safari nzima, ila mimi roho inaniuma mpaka leo.

Sasa humo kwenye filamu kuna mjukuu kanuna kisa meza yake ya kusomea imehamishwa kupisha wageni, mkubwa wako atajiona mwenyewe. Kuna bibi yuko na mjukuu mdogo nje anamuuliza utakuwa daktari kama baba yako, halafu anawaza kama yeye atakuwepo siku hiyo, mtoto anacheza tu na majani. Na yule mkwe mjane, Noriko, anaomba ruhusa kazini awatembeze wazee wakati watoto wa kuzaa wako bize. Haya mtoto hayaelewi kweli?

Ila huyu wa 7 nasita kidogo. Maandishi ya chini yanakimbia, bibi anafariki, lazima mtu akae naye amsimulie. Lakini tena katuni za watu kulipuliwa anaangalia kila siku na hakuna anayeuliza umri. Mtoto anaona, hachoki na picha ya polepole, anachoka akiachwa nayo peke yake wakubwa wako kwenye simu.

Wewe ndiye mama yao, sikuamulii. Ingekuwa kwangu mkubwa angeiona Jumamosi hii hii, haya nimeshasema. Wakiuliza kwa nini wale watoto wanawafanyia hivyo wazazi wao, baba yako mdogo usimtaje, nipigie niwaeleze mwenyewe.