Masta silinda niliyoifungua mara mbili

Umesimama kwenye taa, mguu uko juu ya breki, mara unahisi pedali inazama taratibu kama imekanyaga tope. Unachungulia chini ya gari, hakuna hata tone. Unakagua magurudumu, makavu. Hapo usihangaike zaidi: masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, imechoka. Raba ya mbele ya pistoni haishiki tena, oili inapenya pembeni yake na kurudi ilikotoka, ndiyo maana hata kwenye kopo la oili haipungui. Ikichoka raba ya nyuma mambo huwa wazi zaidi, kwa sababu oili hutiririka kwenye fimbo ya pedali mpaka ikakulowesha kiatu.

Gari langu ni MGB ya 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, zile za mwanzo zenye mfumo mmoja: masta silinda moja inalisha magurudumu yote manne, diski mbele na dramu nyuma. Ikikata, unabaki na breki ya mkono na dua. Kwa hiyo si kazi ya kufanya kwa mzaha, ingawa mimi mara ya kwanza niliifanya hivyo hivyo.

Kuitoa ni rahisi. Funika rangi ya gari kwa matambara kabla ya kulegeza chochote, maana oili ya breki inamenya rangi kama maji ya moto yanavyomenya nyanya. Ikidondoka, mwagia maji mengi papo hapo. Nati ya paipu ifungue kwa spana inayoikumbatia karibu yote, la sivyo utaikata kona. Na kwa kuwa masta silinda ya klachi imekaa ubavuni mwake na ina umri uleule, fungua zote mbili siku moja. Nimejifunza hilo nikiwa nimelala chali kwa mara ya tatu katika mwezi mmoja.

Ukiwa mezani, sukuma pistoni ndani kidogo, toa ringi ya chuma inayoizuia, kisha vitu vitatoka kwa foleni: pistoni, raba, springi. Piga picha kila kimoja kinapotoka. Kuna washa moja nyembamba kati ya kichwa cha pistoni na raba ya mbele ambayo hupenda kunata kwenye raba kuukuu, ikatupwa nayo. Bila hiyo washa, raba mpya itasukumwa kwenye vitundu vya pistoni na kuchanika.

Sasa tufike penye kazi yenyewe. Watu wengi hudhani kufufua masta silinda ni kubadilisha raba. Raba ni dakika 10. Kazi ni kukubali kile unachokiona ndani ya silinda.

Oili ya kawaida ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Oili ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kabisa kinashuka hadi 155. Gari la kizamani linalokaa muda mrefu bila kuendeshwa huacha maji hayo yakila chuma palepale, na hapo ndipo vishimo vya kutu huzaliwa. Safisha silinda kwa spiriti, mulika kwa tochi, kisha pitisha ncha ya kijiti. Doa halimkwazi mtu, kijiti kitateleza. Kishimo kitakidaka.

Kijiti changu kilidakwa mara mbili. Nikajiambia ni madoa. Nikapiga msasa laini, nikaweka raba mpya, nikaendesha kwa raha wiki tatu, kisha pedali ikaanza kuzama tena. Nilipofungua, mdomo wa raba mpya ulikuwa umechanwa pale pale penye vile vishimo nilivyovipa jina la madoa.

Mara ya pili niliipeleka kwa fundi wa mashine akaipanua na kuitia bomba la chuma cha pua ndani, ikarudi kwenye kipenyo chake cha robo tatu ya inchi. Kama silinda si nadra, kununua mpya ni busara zaidi. Ukiamua kutia bomba, mwombe fundi alainishe kingo za kitundu kidogo cha kurudishia oili. Kingo kali hapo hukata raba kama wembe.

Kuunganisha kunataka mikono safi. Lowesha raba kwa oili mpya ya breki, kamwe si grisi ya kawaida wala oili ya injini, kwani huzifanya zivimbe. Mdomo wa raba uelekee kwenye shinikizo, na uuingize kwa vidole, usitumie bisibisi.

Kisha toa upepo kwenye paipu za breki, ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kama silinda ni ya zamani, usikanyage pedali hadi sakafuni: utaipeleka raba kwenye sehemu yenye kutu ambayo haijaguswa miaka mingi.

La mwisho ni kile kitundu kidogo. Pistoni isiporudi hadi mwisho, raba hukiziba; oili ikipata joto na kutanuka inakosa njia ya kurudi, na breki zinajikamata zenyewe barabarani. Sukuma pedali kwa kidole: lazima iwe na ulegevu kidogo kabla fimbo haijagusa pistoni. Halafu fungua kifuniko cha kopo, mwambie mtu akanyage polepole, nawe uangalie bila kuinamisha uso karibu. Mwanzo kabisa wa mkanyago, oili inatakiwa kufurukuta kidogo juu ya kitundu. Yangu ilifurukuta, nikafunga kifuniko, nikaenda kuosha mikono.