Korongo letu limeanza kukatwa viwanja

SWALI: Habari za kazi. Nyuma ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo tunamoishi, huku Uru, Moshi, kuna korongo lenye miti ya asili na kijito kinacholisha mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia. Tuko familia saba. Vijana wameanza kuuza vipande, na tumekuta vigingi hadi ukingoni. Ndugu yetu aliyeko Marekani anasema huko kuna udhamini wa ardhi unaozuia ujenzi milele. Huku inawezekana?

JIBU: Inawezekana, ila kwa njia nyingine. Huko mwenye shamba huweza kubaki nalo, akasajili katazo la ujenzi linalomfuata kila atakayelinunua baadaye. Kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, nanyi mna haki ya kuikalia na kuitumia. Haki hiyo ndiyo mtakayoikabidhi kwa wadhamini.

Kwanza shikeni futi ya kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kosa la kawaida ni kulaza kamba juu ya mteremko, wakati ramani ya mpima huhesabu umbali wa usawa. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 60 za kamba iliyolazwa ni mita 52 tu za ramani. Mita nane zilizopotea zinatosha chumba na choo. Pimeni mita tatu tatu: aliye chini ainue kamba juu ya alama yake kwa timazi, aliye juu aigusishe ardhini, kisha pigeni kigingi. Anzieni ukingoni, si kwenye maji yaliyosinyaa kiangazi. Vipimo vipelekeni ofisi ya kijiji na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo iko hapo hapo Moshi.

Mita 60 huzuia ukuta. Hazizuii kuuza, na bega la korongo lililo juu ya mstari huo linabaki wazi. Hapo ndipo udhamini unapohitajika. Bodi ya wadhamini husajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sura 318 ya sheria za nchi. Ikishasajiliwa humiliki kwa jina lake yenyewe, na mdhamini akifariki watoto wake hawana cha kurithi humo. Katiba ya bodi iseme wazi kwamba ardhi haiuzwi wala haiwekwi rehani, na bodi ikivunjika ardhi iende kwa taasisi yenye lengo hilohilo. Wapo wanaopata cheti, wakala pilau, wakasahau kuihamisha ardhi yenyewe.

Kikwazo kikubwa huku Kilimanjaro ni babu. Kihamba bado ni cha marehemu, msimamizi wa mirathi hajateuliwa, na wajukuu wanatia saini kutoa kisichokuwa chao bado. Anzeni na mirathi mahakamani, kila familia na yake. Kisha kateni sehemu ya korongo tu, wenzi wa ndoa wasaini, na masale, mmea wetu wa mipaka, yapandwe kwenye mpaka mpya majirani wakishuhudia. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo inayotoa hakimiliki ya kimila, nayo huweza kutolewa kwa kikundi au chombo kilichosajiliwa. Familia moja ikigoma msiisubiri. Anzeni na vipande vya juu, maana tope hushuka.

SWALI: Kwenye chemchemi ya korongo hilo kuna mikaratusi mikubwa. Tuing'oe yote kabla ya masika?

JIBU: Msing'oe. Mizizi ndiyo inayoshika ukingo, na mvua ya Aprili itauzoa. Ombeni kwanza kibali kwa afisa misitu, kisha kateni theluthi moja kila mwaka, mkianza na ile iliyo mbali na maji. Mkaratusi huchipua tena: menyeni gome la kisiki hadi chini ya udongo, na machipukizi myavunje yakiwa mororo. Katikati ya visiki pandikizeni vipande vya matawi ya mkuyu vyenye unene wa kifundo cha mkono, mvua za kwanza zikishalowesha udongo. Mbuzi wafungwe mbali, la sivyo hamtaona hata jani.