Hoteli ndogo ya mjini isiyo na mgahawa

Umeuliza kama ni busara kulala siku nne katika hoteli ndogo ya katikati ya jiji isiyo na mgahawa. Ichukue, mradi kabla ya kulipa uwaulize kama chumbani kuna birika la umeme na jokofu tupu, kwa kuwa baadhi ya majokofu yaliyojazwa vinywaji vya kuuzwa yana vihisi vya kielektroniki vinavyoweza kukuandikia deni chupa inapoinuliwa. Ninalokusihi zaidi ni kuhusu usiku wa kwanza: ukifika saa tano, migahawa ya jirani ikiwa imefungwa, hutapata wa kukupikia, hivyo beba mlo mmoja mkavu. Kifungua kinywa kikitajwa kwenye bei, uliza kinaliwa wapi, maana huenda ukapewa kuponi ya mgahawa wa jirani.