Mume hana kazi, mke ndiye anatoka: kwetu Mtwara tulivyopita hapo

Dada yangu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mumeo kandarasi yake imeisha tangu mwezi wa tatu, wewe unashinda dukani Masasi mpaka saa moja usiku, ukirudi unakuta sinki limejaa na watoto hawajala. Unauliza kama ni haki kumwambia apike. Mimi najibu kama mwanaume aliyewahi kuwa huyo mumeo.

Nilikuwa dereva wa mkandarasi mmoja wakati bomba la gesi linajengwa kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam. Fedha ilikuwepo, mke wangu alikuwa ametoka chuo cha uuguzi na hajaajiriwa, kwa hiyo nyumba ilikuwa yake na mkoba wa fedha ulikuwa wangu. Hatukuwahi kukaa tukapanga, ilijipanga yenyewe. Mwaka 2015 bomba likakamilika na sisi madereva tukaagana. Miezi miwili baadaye yeye akaitwa kazini hospitalini, akaanza kuingia zamu za usiku.

Miezi karibu mitatu nilikaa barazani pale Chikongola. Kila aliyepita akiniuliza habari nilimjibu natafuta kazi, na kweli nilikuwa natafuta, lakini kutafuta kazi hakuchukui saa kumi na mbili za siku. Asubuhi moja mke wangu alirudi kutoka zamu, hakuvua hata sare. Akavuta mbuzi, akakaa, akaanza kukuna nazi ya mchuzi wa mchana. Nilikuwa mlangoni. Mkono wake ukawa unapunguza mwendo, ukasimama, kichwa kikashuka. Alilala vilevile amekaa, kifuu kimebaki kwenye meno ya mbuzi na nazi iliyokunwa imemwagikia viatu vyake vyeupe. Hakuwa amelalamika hata siku moja. Nilimnyanyua nikampeleka kitandani, nikarudi kukuna ile nazi.

Sasa hapa ndipo wanaume wengi tunapokosea, na mimi nilikosea. Nilianza "kumsaidia". Napika, lakini nampigia simu yuko wodini: mchele nipime vikombe vingapi, chumvi iko wapi, mboga gani leo. Wiki ya pili akaniambia kwa upole kabisa: "Mume wangu, ukiniuliza kila kitu, mpishi bado ni mimi. Nimeazima mikono yako tu." Maneno yale yalinikaa. Kazi ya jikoni si kukoroga sufuria peke yake. Ni kujua jana kwamba mafuta ya kula yanaisha kesho, ni kukumbuka kwamba mtoto akila dagaa usiku anasumbuka tumbo. Uchovu mwingi wa mwanamke uko huko kwenye kukumbuka, na hauonekani kama vyombo vichafu.

Tukaacha kugawana kazi vipande vipande. Jiko lote likawa langu: kwenda Feri kununua samaki, kupaa, kupika, kuosha, kujua kilichobaki. Nguo, kliniki na mambo ya shule yakawa yake yote. Maji ya bomba yakitoka usiku, aliyepo nyumbani anajaza ndoo. Yeye naye ilimgharimu, maana mwanzoni alikuwa anaosha upya sufuria nilizoosha na kuongeza chumvi bila kuonja. Nilimwambia inaniumiza, akaacha. Hili dada ulishike: ukimpa mtu kazi, mpe pamoja na namna yake ya kuifanya.

Umeuliza pia kuhusu maneno ya watu. Yatakuja. Mimi niliambiwa nimelishwa limbwata. Lililonitia hofu zaidi ni mama yangu aliposhuka kutoka Newala akanikuta uani na kisu, napaa changu. Hakusema neno, akachukua beseni akamalizia yeye. Siku ya tatu, baada ya kumwona mkwewe anarudi asubuhi macho mekundu, akaniambia: "Mwanangu, baba yako naye alikuwa anachota maji." Waliokulia juu kule kwenye uwanda wa Makonde wanajua shida ya maji ilivyokuwa, visima viko bondeni na kupanda ni kazi. Mama zetu walibeba ndoo kichwani, ikaitwa kazi ya kike. Zilipokuja baiskeli, baba akafunga madumu ya lita 20 nyuma akawa anashuka yeye, na hakuna aliyemcheka. Maji ni yaleyale. Tangu siku hiyo kila nikisikia "hii kazi ya kike" namkumbuka baba anasukuma baiskeli kwenye mteremko wa mchanga.

Kuna mkuu mmoja aliyekujibu kabla yangu ameandika kwamba anayeleta fedha ndiye aliyejenga, wa nyumbani hana mchango. Mkuu, hata sheria haiko upande wako. Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mama yule mwenyewe hakupata mgao kwa sababu nyingine za kesi yake, lakini msingi ule unatumika hadi leo. Mimi nimekaa pande zote mbili, ya kuleta na ya kupika, na naona mahakama ilisema kweli.

Kosa letu kubwa lilikuja mambo yalipokuwa mazuri. Mwaka 2018 nilipata lori, nikawa nasafiri siku nne tano. Yeye alidhani jiko bado langu, mimi nilidhani limerudi kwake lenyewe, na hakuna aliyesema. Tuligombana vibaya kuliko wakati wa shida. Tukajifunza kwamba hali ikibadilika tunakaa wiki hiyohiyo, siyo mpaka mmoja alipuke. Mtoto wa pili alipozaliwa tulikaa: yeye likizo siku 84, mimi siku zangu 3 za kisheria, mama mkwe akaja mpaka arobaini. Kila ukikaribia msimu wa korosho tunakaa pia, kwa sababu mwezi wa sita naenda Newala kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, na kuanzia Oktoba mmoja wetu lazima awe shambani kusimamia kuokota na kuanika. Fedha yenyewe haiji siku unayopeleka magunia ghalani, inasubiri mnada, kwa hiyo kuna wiki tunaishi kwa mshahara wake tu. Wiki hizo nikiwa nyumbani jiko ni langu, bila kuambiana.

Kwako dada: usimwambie usiku umechoka, wala mbele ya ndugu zake. Mwanaume aliyetoka kupoteza kazi ana kidonda, usikitonese. Mwambie asubuhi mkiwa wawili, umpe jambo moja zima, tuseme chakula cha jioni, kuanzia sokoni mpaka vyombo, halafu usimkague. Akikataa hata hilo moja, hapo hatuzungumzii vyombo tena, mwite mjomba wake mkae.

Na akianza na nazi, mwambie tui zito liingie mwisho, moto uwe mdogo, akoroge bila kuacha mpaka lichemke. Mimi lilinikatikia sufuria mbili kabla sijaelewa.