Maswali ya wasomaji: Shukrani baada ya kufunga hesabu

SWALI: Ndugu Mhariri, habari za kazi. Nina fremu ya nguo za watoto hapa Tandika. Jioni nikifunga hesabu naona madeni tu: mzigo, kodi, marejesho ya kikoba. Shoga yangu alinishauri kila siku niandike mambo ya kushukuru. Sasa nimejikuta kila siku naandika yale yale, "uzima, afya, riziki". Naona kama najidanganya. Niendelee au niache? – *Mama Z., Tandika*

JIBU: Endelea, Mama Z., ila badilisha namna ya kuandika. Uzima na afya ni maneno ya dua, na dua ina wakati wake. Daftarini hayakuambii lolote kuhusu siku ya leo. Mkono unaandika, akili iko kwenye marejesho.

Hesabu itangulie. Hesabu taslimu ya kwenye droo, angalia salio la simu, toa matumizi, andika mauzo na waliokopa. Ukishukuru kabla ya kuhesabu ni rahisi kujifariji kwamba "leo si haba" kumbe elfu thelathini haionekani ilikokwenda. Wengi wanaharibu hapo.

Kisha, ukurasa ule ule, chini ya jumla, andika mambo matatu mazuri ya leo, kila moja na sababu yake. Zoezi hili lilijaribiwa Marekani na mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake, wakachapisha matokeo mwaka 2005: watu waliandika mambo matatu kila usiku kwa wiki moja, pamoja na kwa nini yalitokea. Walioendelea nalo wenyewe baada ya hapo ndio waliofaidika kwa muda mrefu. Hiyo "kwa nini" usiiruke. Mathalani:

*"Mteja wa sare amerudi na jirani yake, wamechukua sketi nne. Sababu: wiki iliyopita nilimbadilishia saizi bila kununa."*

*"Mzigo wa Mbagala umefika kabla ya mvua. Sababu: boda nilimpigia saa nne asubuhi, sikungoja jioni."*

Unaona? Hapo umeshukuru, na umejua pia la kurudia kesho. Dakika tano zinatosha. Tumia kalamu na daftari, maana ukiandikia kwenye simu, meseji ya anayekudai itaingia katikati na shukrani itaishia hapo.

Siku uliyouza soksi tu, andika jambo moja. Usitunge mengine ili yatimie matatu. Na hasara usiipambe kwa kuiita baraka. Kodi ikipanda, iandike kwenye matumizi. Kama umefika mahali unachukua kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa, ili ulipe kikoba, shukrani haitakusaidia hapo: nenda kwa mwenyekiti wa kikoba kabla ya siku ya marejesho, uombe kupangiwa upya. Ukienda siku yenyewe umeshachelewa, na maneno yatakuwa mengi.

Kila siku ikikuchosha, fanya mara moja kwa wiki. Katika utafiti wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003, kundi moja liliandika mambo ya kushukuru hadi matano kwa wiki, kwa wiki 10, na likaonekana kuridhika na maisha kuliko kundi lililoandika kero.

Jumamosi chagua mstari mmoja, umpigie mhusika umwambie. Ila yule wa Kariakoo anayekupa mzigo usimshukuru siku unayotaka akukopeshe. Atasikia ombi tu.

SWALI: Kijana wangu wa dukani nikimsifia, anaomba nyongeza. Ninyamaze? – *Muuza spea, Gerezani*

JIBU: Usinyamaze, kaka. Sifa za jumla, "wewe kijana mzuri sana", zinasikika kama utangulizi wa jambo fulani, na yeye anawahi. Taja kitendo, siku hiyo hiyo: "Umemwambia mteja ukweli kwamba ile beringi si orijino, amechukua ya bei kubwa. Asante." Basi, rudi kazini.

Nyongeza ipangie siku yake ya kuizungumza, na mshahara utoke tarehe ile ile kila mwezi. Asante ya bosi anayechelewesha mshahara inaudhi kuliko ukimya. Na angalia daftari lako: mara ya mwisho ulimwongeza lini? Huenda kijana ana haki.