Mbunge aliyekipata kiti kwa ushahidi

Mliuliza ni mbunge gani wa muhula mmoja anayestahili kukumbukwa kuliko waliozeekea bungeni. Najua wengi watamtaja Abraham Lincoln, wakili aliyekaa Bunge la Marekani muhula mmoja tu. Huyo hana shida ya kukumbukwa. Mimi namtaja John Mercer Langston wa jimbo la Virginia.

Alizaliwa 1829, baba mzungu mwenye mashamba, mama aliyewahi kuwa mtumwa wa baba huyohuyo. Shule za sheria zilimkataa kwa rangi yake, akajifunzia kazi kwa wakili mmoja wa Ohio, na 1854 akakubaliwa kuwa wakili.

Kesi yake ninayoipenda ni ya 1862, mjini Oberlin. Edmonia Lewis, mwanafunzi mweusi ambaye baadaye alivuma kwa kuchonga sanamu, alishtakiwa kuwatilia wenzake wawili wazungu sumu kwenye mvinyo. Kabla kesi haijasikilizwa, watu walimkamata usiku wakampiga vibaya. Langston aliibana hoja moja: hiyo sumu iko wapi? Hakuna aliyekuwa amepima kilichokuwa matumboni mwa wale wasichana. Edmonia akaachiwa.

Ubunge nao aliupata kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1888 William Mahone, kigogo wa chama cha Republican huko Virginia, hakumtaka agombee, lakini Langston akagombea hivyohivyo. Siku ya kura wapiga kura weusi walipangwa mstari wao peke yao, wakasubirishwa mno, kisha Edward Venable wa chama cha Democratic akatangazwa mshindi. Langston akakusanya ushahidi na kuyapinga matokeo mbele ya Bunge lenyewe, maana kule ndilo linaloamua. Sisi tunaozijua kesi za uchaguzi hatutashangaa kusikia kwamba shauri lilikokotwa hadi Septemba 1890. Siku ya uamuzi wabunge wengi wa Democratic walitoka ukumbini ili akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili uamuzi ufanyike, isitimie. Haikuwasaidia; Langston akaapishwa, mtu mweusi wa kwanza kuiwakilisha Virginia katika Bunge hilo.

Muhula ulikuwa unaisha Machi 1891, na Novemba hiyohiyo ya 1890 akashindwa uchaguzi. Katika miezi hiyo michache alipendekeza wapiga kura wote wapimwe kujua kusoma na kuandika, weupe kwa weusi. Hapo simuungi mkono hata kidogo: kipimo cha namna hiyo ndicho kilichokuja kuwanyima kura watu weusi wa Kusini mwa Marekani. Virginia haikupata mbunge mwingine mweusi huko Washington hadi Bobby Scott, 1993.